Hodi ya Tatu na Barua ya Tatu

Vishikio vya milango ndivyo vilivyonizuia kutia tarehe kwenye ile barua. Vilikuwa vya shaba, kumi na viwili, kimoja kwa kila mlango wa jengo jipya la hoteli, na viling'aa hivi kwamba ukipita asubuhi uliuona uso wako umevutwa kama papai. Katika jengo la zamani, ambako watumishi wa vyumba walisifiwa kila wiki kwa bidii, vishikio vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni. Mtumishi wa jengo jipya ndiye aliyesemwa kuwa mvivu, na ndiye aliyekuwa na barua mbili za onyo. Nikajiuliza, mvivu gani huyu anayesugua shaba?

Ilikuwa Malindi, katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa na wiki tatu tu katika kazi ya kusimamia vyumba. Nilikuwa nimetoka bara, nilikokuwa karani wa stoo ya shule, na silaha zangu zilikuwa mbili: penseli, na daftari lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Niliandika kila kitu. Idadi ya foronya, matundu ya vyandarua, nani kasalimia na nani kapita kimya. Mama aliyesimamia upigaji pasi, mtu mzima kutoka Jilore, alinianza kwa utani siku ile ile ya kwanza.

“Mwanangu, na mimi umeniandika humo?”

“Nimekuandika, mama.”

“Basi andika vizuri. Andika ananenepa.”

Meneja wetu alikuwa mtu wa bara kama mimi, mwenye kufunga tai hata mwezi wa Februari, joto linapowalaza mbwa chini ya magari. Hakuwa mtu mbaya. Aliamka kabla yetu sote, na mfanyakazi akifiwa, wa kwanza kutoa gari alikuwa yeye. Ila aliamini kwamba kazi hutoka kwenye barua. Sheria yake ilijulikana na kila mtu kuanzia jikoni hadi getini: barua ya kwanza ni kukumbushwa, ya pili ni kuonywa, ya tatu ni kwenda nyumbani. Aliniita ofisini, akafungua droo ya chini ya kabati lake la chuma, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa taipu.

“Hii ni ya huyo wa jengo jipya,” alisema. “Sahihi yangu iko. Tarehe haiko. Nakupa wiki mbili. Siku ukimkuta na kosa, weka tarehe, mpe, aende kwao.”

“Kosa gani, bwana?”

“Utaliona tu. Huyo hawezi kukosa kukosa. Ijumaa ya wiki ya pili nitakuja kuangalia mwenyewe.”

Nikaikunja barua, nikaitia katikati ya daftari.

Aliyeandikiwa alikuwa mtu wa makamo kutoka Takaungu, mrefu, mwembamba, kofia yake ya kushona kwa mkono nyeupe kuliko shuka zetu. Kila Ijumaa alasiri alirudi kwao na mkoba wa vitu vya nyumbani, na mshahara wake ulikimu nyumba mbili, ya mkewe na ya mamake. Miaka minane alikuwa amehudumu ukumbi wa kulia bila kusemwa hata neno. Wageni waliorudi kila mwaka walimwulizia. Jengo jipya lilipofunguliwa, meneja akamhamishia vyumbani, akidhani anampa cheo. Tangu hapo mambo yakaharibika. Kufikia saa nane mchana, wakati wenzake wameshaoga na kuvaa nguo za kurudi nyumbani, yeye alikuwa na vyumba vitano au sita visivyoguswa. Wageni walirudi kutoka ufukweni wakakuta vitanda vimevurugika vile vile walivyoviacha.

Jumatatu nilianza kumfuata. Nilijificha kwenye chumba cha shuka mwisho wa korido, mlango wazi kiasi cha vidole viwili, daftari magotini. Niliyoyaandika asubuhi ile ninayo mpaka leo:

Saa tatu na dakika tano. Mlango wa kwanza. Apiga hodi. Angoja. Hodi. Angoja. Hodi. Asugua kishikio. Aondoka.

Saa tatu na dakika kumi. Mlango wa pili. Hodi, hodi, hodi. Asugua kishikio. Aondoka.

Mlango wa tatu. Hodi. Sauti ya mzungu ndani. Aingia. Dakika ishirini. Kitanda kama meza ya harusi. Mgeni amekaa pembeni amekunja uso.

Mlango wa nne. Hodi, hodi, hodi. Asugua kishikio.

Alipofika mlango wa saba nilikuwa nimeshaziba mdomo kwa kiganja nisije nikacheka nikasikika. Huyu bwana alikuwa akiruka kila chumba kitupu na kusafisha kila chumba chenye mtu. Kwa hiyo walalamikaji walikuwa wa namna mbili: waliotoka walilalamika kwamba hawakufanyiwa usafi, na waliobaki walilalamika kwamba hawaachwi wapumzike. Hakubaki hata mmoja wa kumsifu. Na korido nzima iling'aa, kwa sababu ndiko alikongoja.

Nikatoka mafichoni. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Hakuuliza nilikuwa nafanya nini kwenye shuka.

“Mbona hukuingia chumba cha kwanza? Wenyewe wametoka.”

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini maji hayapandi mlima. “Nimepiga hodi tatu. Sikujibiwa.”

“Hukujibiwa kwa sababu hamna mtu!”

“Ndivyo. Na kama hamna mtu, nani aliyenikaribisha?”

Hapo nilifanya kosa langu mwenyewe, na nitalisema. Nilitumia sauti ya meneja. Nilimwambia yeye ni mfanyakazi, chumba ni cha hoteli, ana ufunguo mkuu mfukoni, aingie tu. Akasema, “Sawa,” akaingia. Nilimtazama kutoka mlangoni. Alitandika kitanda macho yakiwa darini. Kulikuwa na nguo za ndani za mwanamke zimeanikwa kwenye mgongo wa kiti, naye alikizunguka kiti kile kama mtu anayezunguka nyoka. Alisahau taulo. Alisahau kubadilisha foronya moja. Alitoka na jasho, kofia kaishika mkononi. Kilikuwa chumba kibovu kuliko vyote nilivyoviona Malindi. Kama nilitaka kosa la kutilia tarehe, hilo lilikuwa hapo, na mimi ndiye niliyelitengeneza.

Nilikwenda chumba cha pasi nimenuna. Mama wa Jilore alikuwa akimfundisha binti mgeni kukunja shuka. Hakumwambia kitu. Aliichukua shuka iliyokunjwa vibaya, akaifungua, akaikunja tena polepole mbele ya macho yake, akaifungua, akampa. Binti akakunja. Ikatoka karibu na sawa. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanigeukia mimi.

“Umetoka kumkaripia mlinzi wa milango?”

“Wote mnajua kwamba haingii?”

“Mwanangu, sisi ni wa kuulizwa? Meneja huandika, haulizi.” Akapuliza majivu ya pasi, maana yeye aliiamini pasi ya makaa kuliko ya umeme. “Kwetu Jilore jembe likikataa kuchimba, mtu hutazama mpini kwanza. Matusi baadaye.”

Njiani kurudi nyumbani jioni ile nilikumbuka jambo lililonifanya nione haya peke yangu barabarani. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya familia moja iliyotoka visiwa vya kaskazini. Wiki yangu ya kwanza nilipiga hodi mara moja, kama kwetu, nikasukuma mlango wa ndani papo hapo, nikamkuta mama mwenye nyumba yuko kichwa wazi, miguu ndani ya beseni. Hakunifokea. Alisema tu, “Kwenu milango hutengenezwa kwa ajili ya nini, mwanangu?” Jirani zake walikuja kuuliza habari yangu siku tatu mfululizo, na mpaka nahama nyumba ile waliniita yule wa beseni. Mimi ndiye mtu aliyempa somo Mtakaungu juu ya milango.

Kesho yake nilimwita Mtakaungu tunywe chai nyuma ya chumba cha kufulia. Tulikaa juu ya madebe matupu ya sabuni, mama wa Jilore akiwa dirishani na pasi yake, masikio nje. Daftari nililiacha ndani makusudi.

“Mzee,” nikasema, “jana nilikosa adabu. Hebu nifundishe hiyo hodi.”

Akafurahi. Aliweka kikombe chini, akanyoosha vidole vitatu. “Tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tungali wadogo. Ya kwanza, wakusikie. Ya pili, wajisitiri. Ya tatu, wakukaribishe, au urudi ulikotoka. Asiyerudi ni mwizi, au hana kwao.”

“Na meneja umemweleza hivi?”

“Aliniuliza, kwa nini vyumba vimechelewa. Nikamwambia, wenyewe hawajanijibu. Akadhani namfanyia mzaha. Ndiyo barua ya pili.”

Dirishani pasi ikasimama. “Barua ya pili ni ya hilo?” mama akauliza.

“Ni ya ujeuri,” akasema Mtakaungu kwa huzuni. “Mimi, jeuri!”

“Wewe jeuri?” Mama alicheka mpaka akakohoa. “Wewe ukikanyagwa na punda humwomba radhi!”

“Na wewe, moshi wa Jilore, sikiliza makaa yako.”

Niliwaacha wamalize. Nilikuwa na jibu langu tayari mdomoni, maneno mazuri niliyoyapanga usiku kucha, lakini nilikumbuka ile shuka iliyokunjwa bila neno. Nikauliza badala ya kusema.

“Kwenu Takaungu, mwenye nyumba akisafiri na paa likivuja, fundi huingiaje?”

“Huachiwa ufunguo.”

“Akishaachiwa, hupiga hodi?”

“Hupiga. Moja, ya heshima.”

“Hungoja ajibiwe?”

Akachukua kikombe, akanywa chai yote iliyobaki. “Hangoji,” akasema mwishowe. “Karibu alishapewa. Alipewa mkononi pamoja na ufunguo.” Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo mkuu wa hoteli, akautazama kama kitu cha kuokotwa. “Lakini huu nilipewa na meneja. Mwenye chumba hakunipa kitu.”

“Basi tufanyeje?”

“Anipe mwenyewe,” akasema. “Kila asubuhi wageni wakienda kunywa chai huacha funguo mapokezini. Na waniachie mimi.”

Mimi singeliwaza hilo hata kwa mwaka mzima.

Jumatano asubuhi, saa moja na nusu, akasimama kando ya ngazi ya jengo jipya, mkono mmoja mbele, kiganja juu, uso wa mtu anayehudhuria mazishi. Wageni waliogopa. Mzungu mmoja alimzunguka kwa mbali. Mwingine alimpa sarafu. Mwanamke mmoja alimkabidhi kamera, akakimbia kusimama kando ya mumewe, wakatabasamu. Mtakaungu aliigeuza ile kamera huku na huku, akaipiga picha anga yote ya Malindi.

“Funguo ngapi?” nilimwuliza saa tatu.

“Ufunguo mmoja. Na shilingi moja.”

“Ukumbini ulikuwa ukisimama hivi? Kama askari wa ushuru?”

“Ah, ukumbini!” Uso wake ukafunguka. “Ukumbini namjua mtu kwa chai yake.”

“Basi uwaanze wewe kwa chai yao.”

Alhamisi alianza kwa chai. Alikumbuka yule asiyekunywa maziwa, akamwuliza kwa Kijerumani chake cha mezani kama alilala vizuri. Akamkumbuka yule mwenye kupenda madafu. Funguo zikaja tano. Ijumaa zikaja saba, na siku hiyo ndiyo aliyokuja kunitafuta mbio, jambo nisilowahi kuliona, kofia imekaa upande.

“Mwanangu, nao wanayo!”

“Wana nini?”

Ajuza mmoja Mtaliano alikuwa amekuja kuomba taulo kwenye kile chumba cha shuka. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na Mtakaungu yumo ndani anaonekana. Hata hivyo ajuza alisimama kizingitini, akasema, “Permesso?” Hakutia mguu ndani mpaka alipoitikiwa. Mtakaungu alikwenda mapokezini kuuliza neno lile ni nini, akaambiwa kwamba kwao mtu haingii chumba cha mwenziwe bila kulisema, na hungoja ajibiwe.

“Hodi yao hiyo!” alisema, akapiga paja. “Miaka minane nawapakulia watu hawa makaroni, nikidhani hawana adabu ya mlango.”

Tangu siku hiyo hakuwa na shida. Wiki ya pili alisimama ngazini asubuhi akisema “Permesso” na kupokea funguo kama anayepokea peremende, na wageni wakaanza wenyewe kumwambia saa wanayotaka chumba kifanywe. Wengine walitaka mapema, mmoja alitaka baada ya saa sita kwa sababu hulala sana. Mtakaungu aliyakumbuka yote kwa kichwa, lakini mimi ni mtu wa karatasi. Jumatatu ile, akiwa katikati ya kuwapokea, nilifungua daftari kutafuta mahali pa kuandika. Karatasi iliyodondoka ni ile barua. Nilijua ni barua gani. Niligeuza upande wa nyuma, mweupe, nikachora mistari: vyumba kumi na viwili, na kando ya kila kimoja saa yake, kwa penseli ili ifutwe kila siku. Nikaipachika kwa pini ndani ya mlango wa chumba cha shuka, maandishi ya taipu yakitazama ubao.

Siku hiyo vyumba kumi na kimoja vilikwisha saa tano. Na haikuwa kazi ya juu juu. Aliyepewa chumba kwa mkono alikitunza kama amana: viatu vilipangwa, vitabu vilifungwa na kijiti cha kuashiria ukurasa, nguo za kwenye kiti zilifunikwa taulo safi bila kuguswa. Saa tano na robo alikuwa anasugua vishikio, safari hii kwa raha zake.

Ijumaa meneja akaja, tai shingoni. Nilimsikia akipanda ngazi, na moyo wangu ukapanda naye. Korido ilikuwa kimya. Mtakaungu alikuwa amekwenda kwa mama wa Jilore kufuata shuka.

“Yuko wapi?” meneja aliuliza. “Saa tano hii! Unaona? Ametoroka.”

“Bwana, ameshamaliza, isipokuwa...”

Hakungoja. Alifungua mlango wa kwanza kwa ufunguo wake: safi. Wa pili: safi. Akapita mmoja baada ya mwingine, hatua zake zikizidi haraka, kama mtu anayetafuta kitu alichohakikishiwa kipo. Nilisema tena, “Bwana, hicho cha tisa...” Alikuwa ameshausukuma.

Kelele zilizotoka humo sijui ni za lugha gani. Mzee wa Kijerumani, nusu ya uso ina povu la kunyolea, taulo moja tu ikimfanyia kazi ya nguo zote, alisimama katikati ya chumba na wembe mkononi. Meneja alirudi nyuma, akagonga ukuta, akaufunga mlango, akaufungua kuomba radhi, akapigiwa kelele mara ya pili, akaufunga tena.

Mtakaungu alitokea na shuka mikononi. Alielewa kwa kutazama uso wa meneja tu. Aliweka shuka chini, akasogea mlangoni, akapiga mara moja, taratibu. “Permesso, mzee wangu,” akasema, akiwachanganya Wajerumani na Wataliano na watu wa Takaungu katika pumzi moja. Kelele za ndani zikakoma. Kisha tukasikia kicheko kidogo, na sauti ikisema kitu. Mtakaungu akamgeukia meneja.

“Anasema si neno, bwana. Anasema mimi nilimwahidi baada ya saa sita, na saa sita haijafika.”

Meneja alikaza tai ambayo ilikuwa imekazwa tayari. “Ile barua iko wapi?” akaniuliza.

Nilimfungulia mlango wa chumba cha shuka, nikaing'oa pini, nikampa kama ilivyokuwa, upande wa penseli juu. Akaisoma. Kando ya tisa palikuwa pameandikwa, baada ya saa sita. Akaigeuza, akaona sahihi yake. Akaigeuza tena.

“Tarehe hukuweka,” alisema.

“Sikuona kosa, bwana.” Ningalinyamaza hapo ingalikuwa salama, lakini ulimi una miguu yake. “Mpaka leo. Leo nimeona moja.”

Mtakaungu alitazama sakafu. Meneja alinirudishia karatasi, akashuka ngazi. Mwisho wa wiki ule sikula vizuri. Niliona nimemfukuzisha mtu kazi kwa ulimi wangu, na pengine na mimi mwenyewe. Mtakaungu alinituliza: “Mwanangu, riziki ina mwenyewe.” Lakini nilimwona akifunga mkoba wake wa kwenda kwao kwa uangalifu mkubwa, na vitu vyote alivyokuwa ameviacha hotelini vikiwemo.

Jumatatu mama wa Jilore, yule binti wa shuka na mimi tulikuwa chumba cha pasi tunahesabu foronya. Mlango uligongwa. Hakuna aliyewahi kuugonga mlango ule. Watu waliusukuma kwa kiuno, mikono imejaa.

“Hodi,” ikasema sauti ya nje. Ilikuwa ya meneja.

Nilifungua mdomo kuitika. Mama akanifinya mkono, akatikisa kichwa, macho yakimcheka.

“Hodi,” sauti ikarudia, chini zaidi.

Mama akaipandisha pasi juu ya kinara chake bila kutoa mlio. Binti wa shuka akajiziba mdomo kwa foronya. Tulingoja. Nje kiatu kilisogea, kikarudi. Niliogopa ataondoka.

“Hodi jamani!”

“Karibu, bwana meneja!” tuliitika watatu.

Aliingia, akatusalimia mmoja mmoja, mama kwanza. Alisema wa mapokezi wamemwambia wageni wa jengo jipya hawajaleta lalamiko hata moja wiki nzima, isipokuwa moja, na hilo analijua. Alisema anataka majengo yote mawili yafanye hivyo, na jioni Mtakaungu awakalishe wenzake awaonyeshe. Kisha akanyoosha mkono.

“Nipe ile karatasi. Nataka karani apige nakala ishirini.”

Nikaitoa kwenye daftari. “Nakala za upande upi, bwana?”

Masharubu yake yakaanza kutikisika.

“Wa nyuma,” akasema. “Wa mbele mwambie aupige mistari ya kuufuta.”